Nafasi Nne za Fomu: Utangulizi wa Somo la Wategemezi katika Bima ya Afya ya Kazini

Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mtumishi wa umma Tanzania Bara amekuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri wake akiongeza asilimia 3 nyingine. Kwa asilimia hizo 6 hutibiwa yeye, mwenza wake, na wategemezi wengine wasiozidi wanne. Makato hayamsumbui mtu. Hufanyika yenyewe na kuonekana kwenye hati ya mshahara. Kinachosumbua ni hao wanne. Mwenye watoto watatu na wazazi wawili walio hai tayari ana watano. Mwenye watoto wawili, mama mzazi, na baba mkwe anayesumbuliwa na presha ameshatimiza idadi, na mwezi ujao mkewe anajifungua.

Somo ninalokukaribisha linaanzia kwenye tatizo hilo la mtu mmoja na fomu yake. Halina idara chuoni. Wanasheria huliweka chini ya hifadhi ya jamii, wachumi huliita uchumi wa afya, na wanaanthropolojia hulikuta njiani wakiwa wanatafuta kitu kingine. Maafisa utumishi, ambao wanalijua kuliko wote, hawana muda wa kuandika vitabu. Kwa hiyo anayetaka kulisoma hulazimika kuokota: kifungu cha sheria hapa, jedwali la bei pale, barua ya kukataliwa iliyobaki kwenye faili la mtu. Nakuomba usikate tamaa mapema. Ni somo dogo lenye mambo makubwa ndani yake, na hoja yangu juu yake ni moja: kanuni za kumwingiza mtu kwenye bima zilitungwa ili kuulinda mfuko, lakini zikishafika nyumbani kwa watu huanza kuamua nani ni ndugu. Asiyeona upande wa kwanza hugombana bure na karani wa dirishani. Asiyeona wa pili hutunga kanuni zinazowafanya watu waaminifu wadanganye.

Tuanze na swali ambalo wengi hawaliulizi. Kwa nini familia ya mtu ipitie kwa mwajiri wake hata kidogo? Ujerumani ya Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883, nayo ilimlenga mfanyakazi mwenyewe; mke na watoto waliachiwa hiari ya kila mfuko. Marekani, mwaka 1929, hospitali ya Chuo Kikuu cha Baylor mjini Dallas ilikubaliana na walimu wa mji huo: kila mmoja alipe senti 50 kwa mwezi, naye ahakikishiwe siku 21 za kulazwa. Vita ya Pili ya Dunia ilipofika, serikali ya nchi hiyo ikazuia mishahara isipande, lakini sheria ya mwaka 1942 ikaacha mafao kama bima nje ya kizuizi. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kuwavutia kwa bima, na kwa kuwa mfanyakazi mwenye familia havutiwi na bima ya peke yake, mke na watoto wakaingia.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ikapigwa marufuku. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini. Mtu akalazimika kwenda hospitali na pesa mkononi. Sheria ya Mfuko ilitungwa mwaka 1999 ikiwa jibu kwa hali hiyo, na ilianza na watumishi wa serikali kwa sababu rahisi: mwajiri ndiye mwenye orodha ya mishahara, na penye orodha ya mishahara pana makato yasiyokimbia. Mkulima wa pamba wa Igunga alitafutiwa mpango wake, Mfuko wa Afya ya Jamii, unaolipiwa kwa kaya.

Hapa pana tofauti ambayo msomaji mpya aishike tangu mwanzo, maana itamfungulia nusu ya kanuni zilizobaki. Kwenye Mfuko wa Taifa mchango ni asilimia ya mshahara. Ukiwa peke yako unakatwa kiasi kilekile anachokatwa mwenzako wa ngazi yako mwenye watu sita. Kumwongeza mtoto hakumgharimu mwanachama hata shilingi, ila kunaugharimu Mfuko; ndiyo maana Mfuko hauna namna ila kuweka ukomo wa idadi. Kampuni binafsi za bima zinafanya kinyume. Kwenye jedwali la bei wanalompelekea mwajiri utaona M, M+1, M+2, hadi M+5 au zaidi: M ni mwanachama, na kila namba ni kichwa kinachoongezeka na bei yake. Hapo ukomo si idadi peke yake, ni mfuko wa mwajiri pia. Waajiri wengi hulipia hadi kichwa fulani, anayetaka zaidi akatwe mwenyewe. Wawili wanaweza kufanya kazi katika jengo moja, mmoja akiwa chini ya Mfuko na mwingine chini ya kampuni, na kila mmoja akaamini kwamba utaratibu wa mwenzake ni wa kionevu.

Sasa tuje kwenye kiini cha hesabu yenyewe. Kenneth Arrow aliandika mwaka 1963, na George Akerlof mwaka 1970, makala mbili ambazo kila mwanafunzi wa somo hili huzipitia. Ukiondoa hisabati, jambo linalotuhusu ni hili: anayejua kwamba ataugua ana hamu ya bima kuliko asiyejua, na muuza bima hawezi kuwatofautisha. Wagonjwa wakijaa, bei hupanda. Bei ikipanda, wazima hutoka. Wakitoka, bei hupanda tena. Hakuna Mswahili anayehitaji kwenda Chicago kujifunza hili. Chama chochote cha kufa na kuzikana kina kanuni zake za kuingia, na hakuna kinachompokea mwanachama mpya ambaye maiti tayari iko sebuleni.

Mfano wetu bora ni Toto Afya Kadi. Mwaka 2016 Mfuko ulifungua mlango kwa mzazi yeyote, mwajiriwa na asiye mwajiriwa, amlipie mtoto wake Sh 50,400 kwa mwaka. Ilikuwa bei ambayo hata mama lishe angeweza kuikusanya. Waliokimbilia kadi hiyo kwa wingi walikuwa wazazi ambao watoto wao walikuwa wanaumwa tayari, wengine maradhi mazito, na ni nani wa kuwalaumu? Malipo kwa hospitali yakazidi michango kwa mbali. Mwaka 2023 Mfuko ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shule au ndani ya bima ya wazazi. Kelele zilikuwa kubwa, na wengi waliona ni ukatili. Mimi naona uamuzi wa 2023 ulikuwa umeshaandikwa tangu 2016, siku mlango ulipofunguliwa bila masharti ya kundi. Rwanda waliliona tatizo hilohilo wakalitatua kwa upande mwingine: kwenye bima yao ya jamii kaya hulipia watu wote waliomo, na ukimlipia mmoja ukawaacha wengine hutibiwi.

Kutokana na hofu hiyo ya watu kuingia wakiwa tayari wanaumwa zimezaliwa tarehe za mwisho, jambo linalowaumiza watu zaidi ya yote kwa sababu halisameheki. Bima ya kazini kwa kawaida hufunguliwa mara moja kwa mwaka, mkataba unapohuishwa. Katikati ya mwaka mlango hufungwa, isipokuwa kwa tukio ambalo mtu hawezi kulipanga kwa sababu ya ugonjwa: ndoa, uzazi, kuasili mtoto, au mwenza kupoteza bima yake ya kazini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inayojulikana kama HIPAA imeweka muda huo usipungue siku 30. Mtoto akiandikishwa ndani ya siku hizo, bima yake huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, hata kama fomu imefika siku ya 29. Ikipita siku ya mwisho, mpango una haki ya kukwambia usubiri msimu ujao wa uandikishaji.

Weka kanuni hiyo kando ya desturi zetu uone. Familia ya Kizanzibari au ya Kimombasa iliyohamia Marekani ikipata mtoto, jina aghalabu hutoka siku ya saba, kwa akika. Mzazi hukaa ndani siku arobaini; bibi akiweza kusafiri huja kumkanda, wageni humiminika na vyakula, na baba anakuwa ndiye mpishi, dereva na mpokea simu. Shughuli za ofisini husubiri arobaini itoke. Kumbe mlango wa bima ulifungwa siku kumi nyuma. Wengine huamini kwamba hospitali ikishaipelekea kampuni ya bima taarifa za uzazi, mtoto ameingia. Hajaingia. Hospitali inadai malipo ya uzazi wa mama. Kumwandikisha mtoto ni kazi ya mfanyakazi kwa mwajiri wake. Wengine husubiri namba ya hifadhi ya jamii ya mtoto, ambayo huja kwa posta baada ya wiki kadhaa, ilhali kwa kawaida mtoto hupokelewa kwanza na namba ikaletwa baadaye. Na wapo wanaokatwa tayari kwa kiwango cha familia, wakadhani mtoto wa tatu ameingia mwenyewe kwa kuwa makato hayabadiliki. Makato huenda yasibadilike kweli, lakini jina lisiloandikwa halitibiwi. Ikiwa umeshika makala hii na una mtoto wa siku kumi na tano Minneapolis au Columbus, acha kusoma, kaandike barua pepe kazini, kisha urudi.

Nyumbani kikwazo huwa ni karatasi kuliko tarehe. Afisa utumishi anataka cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, na picha ndogo ya kila mtegemezi. Nenda studio yoyote iliyo karibu na ofisi za halmashauri utawaona: mtoto wa wiki tatu ameinuliwa mbele ya kitambaa cha buluu, mikono ya mama imefichwa chini ya kanga ili isitokee kwenye picha, na mpigapicha anagonga kifuniko cha chupa ili mtoto afumbue macho. Hilo ndilo rahisi. Gumu ni majina. Baba kitambulisho chake cha taifa kinasema Athumani, cheti cha ndoa kutoka kwa shehe kinasema Othman, na cheti cha mtoto kinasema Athman. Watu watatu kwa macho ya mfumo. Fomu inarudi, anakwenda mahakamani kula kiapo kwamba wote hao ni yeye, anapoteza siku ya kazi na nauli.

Ujuzi wa vyeti vya kuzaliwa ni sehemu ya somo hili kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi watoto wengi wa Tanzania Bara walikua bila cheti, hasa vijijini, kwa sababu cheti kilikuwa kinafuatwa wilayani. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ilianza Mbeya mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu ya mkononi na cheti kikitolewa papohapo bila malipo. Mpango huo ukasambaa mikoa mingine. Sikuusikia ukitajwa kama habari ya bima, ingawa kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Chunya ambaye mtoto wake alizaliwa zahanati ya kijiji, ilikuwa ni habari ya bima hasa.

Ndoa nayo ina maneno yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni sheria ya upana wa kushangaza: inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya serikali na ya kimila, inatambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja, na kifungu cha 160 kinadhania kuwa ni ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka miwili au zaidi kwa namna ambayo watu wanawajua kama mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Fomu ya bima haina upana huo. Ina mstari mmoja wa mwenza na inataka cheti. Aliyelipiwa mahari mbele ya wazee huko Tarime mwaka 1998 na kuzaa watoto watano anaambiwa akatafute ushahidi kwamba ameolewa. Hapa sheria moja ya nchi inamwita mke, na utaratibu wa ofisi unamwita hajulikani. Kuna kazi ya kitaaluma ya miaka kadhaa katika pengo hilo peke yake.

Na wazazi? Hapa ndipo tulipotofautiana zaidi na wenzetu. Bima nyingi za kazini Marekani hazina nafasi ya mama mzazi. Zina nafasi ya mtoto, ambaye kwa sheria ya mwaka 2010 anaweza kubaki mpaka atimize miaka 26. Kenya, mtoto anayesoma anaweza kubaki mpaka atimize 25. Ghuba, ambako Waswahili wengi wanafanya kazi, hata kuvuka kutoka emireti moja hadi nyingine kunabadilisha familia: sheria ya Abu Dhabi ya mwaka 2005 ilimtaka mwajiri amkatie bima mfanyakazi, mwenza wake na watoto wasiozidi watatu walio chini ya miaka 18, wakati sheria ya Dubai ya mwaka 2013 ilimtaka mwajiri amkatie mfanyakazi tu, familia ikawa jukumu la anayewadhamini kuishi huko. Kote huko mzazi yuko nje.

Mfuko wa Tanzania ulimruhusu. Kwa mtakwimu bima hilo ni wazimu, maana bibi wa miaka 70 mwenye kisukari hutumia fedha kuliko watoto wanne wazima. Mimi naliona ndilo jambo la heshima kuliko yote katika sheria ile, na ndilo lililoifanya ikubalike. Barthazar Rwezaura, mwanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika miaka ya 1980 juu ya sheria za familia za jadi na mabadiliko yake, alionyesha jinsi wajibu wa kuwatunza wazee ulivyolegea pale ardhi na mifugo vilipoacha kuwa mikononi mwao na mshahara ukawa mikononi mwa vijana. Ukimsoma yeye kwanza, nafasi ya mzazi kwenye fomu itaonekana tofauti: ni jaribio la kuurudisha wajibu ule kupitia mshahara uleule uliouvunja.

Lakini nafasi ni nne, kwa hiyo mwenye wazazi na wakwe hupima. Wanandoa walioajiriwa serikalini wote wawili wana ahueni, kila mmoja anachangia na kila mmoja ana nafasi zake. Mume akawaandika wazee wake, mke wa kwake, watoto wakagawanywa. Ni halali na ni busara. Mwenye mshahara mmoja nyumbani hana ujanja huo. Sensa ya mwaka 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya, hivyo kwenye karatasi watu sita ni wengi wa kutosha. Karani wa sensa, hata hivyo, alihesabu waliolala ndani ya nyumba usiku ule. Hakumhesabu mama aliyeko Newala wala mtoto wa marehemu kaka anayesomeshwa Ifakara. Huyo wa mwisho ndiye mtihani mkubwa. Kwa familia ni mwana kama wana wengine. Kwa Mfuko si kitu mpaka iwepo amri ya mahakama ya kumwasili. Watu wengi wema wameona ni nafuu kumwandika kwa jina la baba asiye wake. Sheria inaliita hilo udanganyifu, na mwajiri anaweza kumfukuzia mtu kazi. Nawasihi wanafunzi wangu wasilitetee wala wasilicheke, walihesabu.

Fomu yenyewe nayo inahama. Tangu Oktoba 1, 2024 Kenya imeachana na mfuko wake wa zamani na kuweka Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwajiri bado anakata, sasa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, lakini wategemezi huandikwa na mwanachama mwenyewe kwa simu au mtandao. Afisa utumishi aliyekuwa akimkumbusha mtu kwamba mtoto wake hajaandikwa hayumo tena katika mnyororo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo itazaa fomu zake. Asomaye somo hili leo ana bahati ya kuona mambo yakibadilika mbele ya macho yake.

Kwa atakayetaka kuandika tasnifu, ninalo ombi. Usiandike tena juu ya kuingia. Andika juu ya kutoka. Mtoto anayevuka umri, mke aliyeachika, mchangiaji aliyestaafu: wote huondolewa au huondoka na watu, na maandishi juu yao ni machache. Marekani mwenza aliyeachika ana siku 60 za kutoa taarifa, na anaweza kubaki kwenye bima hadi miezi 36 kwa gharama yake. Tanzania mchangiaji wa Mfuko akistaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake bila kukatwa tena. Wazazi wake, ambao kwa wakati huo wako kwenye miaka 80 kama bado wapo, hawamo. Alikatwa kwa ajili yao kwa miaka mingi wakiwa na nguvu, wakaachwa walipozihitaji dawa. Sijaona hoja ya kihesabu iliyoandikwa kutetea hilo, wala ya kisheria iliyoandikwa kulipinga. Anzia hapo.